Matundu Manne Niliyotoboa Remba

Vijana wa karakana yetu ya Homa Bay walinipa daftari nene siku niliyostaafu, pamoja na saa ya ukutani inayochelewa dakika kumi kila siku. Wakasema, "Mzee, tuandikie vile kazi ilikuwa." Nadhani walitaka vichekesho. Vipo, na nitavitoa. Lakini niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya niliyoandika humu inanitia aibu, na nimeyaandika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidanganya.

Sitagusa vyeo wala mishahara. Vyeo nilipata viwili, na kila kimoja kilikuja na meza ndogo kuliko ile niliyokuwa nayo.

Kazi yangu ilikuwa kukata na kurekebisha makasha ya kompyuta. Watu hudhani kompyuta huja imekamilika, kama sufuria. Kasha limetengenezwa kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi, halafu linaletwa kwenye chumba cha mabati Homa Bay mwezi wa Februari. Feni yake ndogo inalia kama mbuzi aliyefungwa juani, na ikifika adhuhuri mashine inajizima. Au mtu amenunua kadi kubwa ya picha, amefika nayo nyumbani, haiingii. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoboa, nikipanua, nikiongeza feni, kisha nikirudisha kifuniko kionekane kama kilizaliwa hivyo.

Hayo sikujifunza chuoni. Nilijifunza Migori mjini kwa mzee Ogola, fundi wa masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mimi ni Mkuria wa upande wa Isebania, yeye alikuwa Mjaluo, hivyo tulielewana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa njia yake. Bandani sote tulimwita Jaduong', ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima. Siku ya kwanza alinipa tupa na kifuniko kimoja cha sanduku, akaniambia nilainishe kingo. Saa nne nikampelekea. Akapitisha kidole, akanirudishia. Saa sita akanirudishia tena. Ilipofika saa tisa nilikuwa na malengelenge mawili na hasira nyingi.

"Jaduong', hii si imetosha?"

"Wewe Jakuria, weka ulimi."

"Ulimi?"

"Weka ulimi hapo kwa makali. Kama unaogopa, haijatosha."

Sikuweka. Nilisugua mpaka banda likafungwa. Kesho yake nikasugua tena, nikaweka ulimi, na huo ndio mtihani pekee niliofaulu mbele ya mzee yule bila kukaripiwa.

Jambo la pili alilonifundisha ni ugali. Ukikata au kutoboa bati linaacha chenga, yaani vipande vidogo vya chuma, vingine kama unga, vingine vimejikunja kama kucha iliyokatwa. Chenga hujificha kwenye pembe na mikunjo, na ufagio hauzitoi, unazihamisha tu. Jaduong' alikuwa akichukua donge la ugali uliolala, analikanda mpaka linalainika, analibonyeza kwenye kila pembe, analinyanyua likiwa limejaa chenga. Anarudia mpaka donge litoke jeupe. Kisha anafuta kwa kitambaa chenye maji na kuanika juani, la sivyo sisimizi na mende watahamia.

"Chuma ikikatwa inatema mate," alikuwa akisema. "Hiyo mate usiwachie mtoto wa mtu kwa sanduku. Ataweka shati hapo. Ataweka mkate."

Sumaku tulikuwa nayo, lakini sumaku haishiki alumini na haifiki pembeni. Ugali unafika. Nilipooa, mke wangu alishangazwa sana na mwanamume anayebakiza ugali kila jioni kwa makusudi, kisha anaondoka nao asubuhi mfukoni. Alidhani nina mke mwingine mwenye njaa.

Kompyuta ya kwanza ililetwa bandani na mwenye saiba mmoja, duka la intaneti, wa hapo Migori, kwa sababu hakumpata mtu mwingine wa kukata bati likanyooka. Alitaka feni ya pili ubavuni. Jaduong' aliligonga kasha kwa kidole, akasema bati lake ni duni kuliko la masanduku yetu, akaniachia. Nilitoa vyote vya ndani, nikavipanga juu ya gazeti. Nikachora duara kwa bilauri, nikatoboa, nikakata kwa mkasi wa bati, nikapiga tupa, nikavisha ukingo wa tundu mpira wa tyubu ya baiskeli ili feni isitikise kasha zima. Kisha nikatoa ugali. Mwenye saiba alikuwa amesimama mlangoni. Uso aliokuwa nao akiniona nabonyeza ugali ndani ya kompyuta yake, siwezi kuueleza. Lakini mashine iliwaka, na wiki iliyofuata akaleta nyingine nne.

Ndivyo nilivyotoka kwenye masanduku. Nilipohamia Homa Bay kuanza kazi karakanani, Jaduong' alinipa tupa yake ya nusu duara, ile ya kulainishia matundu, akaniambia nisiwaazime watu. Sijawahi kumwazima mtu yeyote, na wale wanaonisoma sasa wanajua jinsi nilivyo mkali juu ya hilo.

Homa Bay niliona mengi. Kulikuwa na mpiga video za harusi aliyenunua kadi ya picha ndefu kama mkono wangu. Nilikata chumba cha ndani cha kubebea diski, nikakisogeza chini, nikakifunga upya kwa ribiti, na kadi ikalala hapo vizuri. Akafurahi, akarudi baada ya mwezi akitaka mashine ipozwe kwa maji kama alivyoona kwenye simu. Tukatafuta pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo, mipira myembamba, na redieta ya pikipiki. Nikamwambia ajaze maji ya betri peke yake. Wiki ya tatu akanipigia.

"Fundi, imeshika kijani."

Nilipofungua mipira niliona mimea imeota ndani, na konokono mmoja mdogo, mzima kabisa, anatembea. Alikuwa amejaza maji ya ziwani. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Si ni maji? Na ziwa iko hapo."

Nilicheka siku hiyo, na nimeisimulia habari ya konokono kila mara nilipopata mgeni karakanani. Nasimulia upesi makosa ya wengine. Hilo nimelijua nikiwa nimeshazeeka.

Sasa nifike Remba.

Shirika moja dogo la afya, ambalo siku hizi halipo tena, lilikuwa na zahanati ya vyumba viwili kisiwani humo. Aliyefika Remba anajua: bati juu ya bati, omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa kila penye nafasi ya kukanyaga, wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania wamebanana kwenye mwamba mmoja, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kuwagombanisha. Ndani ya zahanati joto lilikuwa la kuivisha mayai. Isitoshe kulikuwa na sam, wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, kisha wakiona taa wanaifuata kwa maelfu. Kompyuta mbili zilikuwa zimekufa hapo. Shirika likataka moja iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pale: itumie umeme wa jua, iwe na feni kubwa mbili za taratibu, na kila tundu lizibwe kwa wavu mwembamba. Ikidumu Remba, karakana yetu itapewa na za visiwa vingine.

Nililitengeneza kasha lile kwa wiki mbili. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Feni ya kuingiza hewa ilikaa ubavu wa kushoto, ya kutoa ikakaa juu kwa nyuma. Wavu niliubana kwa fremu ya alumini. Ugali nilipitisha mara tatu. Nilishonesha hata shati jipya lenye jina la karakana kifuani kwa ajili ya safari hiyo. Aibu yangu yote ilianzia kwenye shati hilo, ingawa wakati ule nililiona limenikaa.

Nilikwenda na msimamizi wa shirika. Tulipokelewa na karani wa zahanati, mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Magunga. Alikuwa amejifunza kuchapa mwenyewe, na alikuwa na vitabu vya chanjo za watoto na vya akina mama wajawazito, vingi vimelowa maji na kuchanika, akingoja mashine ifike avihamishie vyote humo. Alikuwa amesafisha meza mara ya pili siku hiyo, nililijua hilo kwa sababu ilikuwa bado ina unyevu.

"Karibu, fundi," alisema. "Hii mashine ikianza, hakuna mtoto atapotea jina tena."

Seremala alikuwa ameshajenga kabati la kuiwekea. Nikaliingiza kasha, likatosha kabisa, na hapo ndipo nilipoona kwamba ubavu wa kushoto umebanana na ubao. Feni ya kuingiza hewa haingepata hewa. Kabati lilikuwa limepigiliwa ukutani, na boti ya kurudi ilikuwa inaondoka saa tisa kabla ziwa halijachafuka. Nilikuwa na saa moja.

Kila mmoja wenu anajua kilichotakiwa. Toa bodi, toa diski, toa vyote, utoboe ubavu wa kulia kasha likiwa tupu, usafishe, urudishe. Kazi ya saa mbili. Mimi nilifunika bodi kwa gazeti, nikawasha drili, nikatoboa matundu manne makubwa ubavu wa kulia, ili feni ya juu ivute hewa hapo, huku kila kitu kikiwa ndani. Wavu ulikuwa umeniishia. Nikajiambia nitauleta safari ijayo.

Nilipomaliza kutoboa, karani alikuwa ametenga chakula: ugali na samaki wa kukaanga. Akaniletea maji ya kunawa. Nikakaa na msimamizi na muuguzi wa zahanati, na ule ugali ukawa hapo mbele yangu, umeanza kupoa, wa ugumu ule ule ambao Jaduong' angeuchagua. Nilijua kabisa nilichopaswa kufanya. Ningemega donge, nikatoa bodi kwa dakika chache, nikabonyeza zile pembe. Boti ingeniacha, ningelala kisiwani, basi.

Nikashindwa. Mgeni ametengewa chakula na mwanamke wa watu, amenawishwa mikono, halafu amege ugali auingize kwenye bati? Nilisikia tayari watakavyosema, kwamba Jakuria amekuja kuchezea chakula nyumbani kwa watu. Na si hilo tu. Njiani nilikuwa nimemwambia msimamizi kwamba karakana yetu inatumia vifaa vya kisasa. Nilikuwa na lile shati. Sikutaka anione kama mtoto wa banda la masanduku. Kwa hiyo nilikula ugali wote, nikashukuru, nikatoa gazeti polepole, nikalipiga kasha makofi mawili, nikapuliza kwa mdomo, nikafunga kifuniko.

Mashine iliwaka. Karani alipiga makofi. Saa tisa nilikuwa botini.

Ilidumu wiki tatu. Msimamizi alinipigia simu akasema imezima na inatoa harufu ya kuungua, twende. Nilipofika zahanati palikuwa na akina mama wengi wamesimama nje na watoto migongoni, na karani amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Wiki hizo tatu alikuwa amehamisha vitabu vyote, akibaki kazini mpaka jioni. Vile vilivyooza kabisa alikuwa amevichoma, kwa ruhusa, kwa kuwa majina yalikuwa yameshaingia kwenye mashine.

Nilifungua kifuniko. Ndani sam walikuwa wamelala wafu, unene wa kidole, kuanzia kwenye matundu yangu manne hadi juu ya bodi. Nikachukua brashi, nikaanza kuwafagia. Chini yao, karibu na mahali umeme unapoingia, niliona kipande cha chuma kilichojikunja, kinang'aa, kimelalia miguu miwili ya bodi, na pembeni mwake doa jeusi la kuungua. Umeme ulikuwa umepita hapo ukaenda mpaka kwenye diski.

Nilikitambua. Chuma kilichokatwa na drili yako unakitambua kama mwandiko wako. Nilikibonyeza kwa kidole gumba, kikanata, nikaingiza mkono mfukoni.

Msimamizi alikuwa nyuma yangu. "Ni nini, fundi?"

"Sam," nikasema. "Wamejaa."

Akamgeukia karani. "Dirisha ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi," karani akasema. "Joto ilikuwa mingi, na nilikuwa na taa. Lakini fundi alisema hii imezibwa, hawawezi kuingia."

Wote wawili walinitazama. Hata kama ni sam tu waliokuwa wameiua, wameingilia kwenye matundu yangu yasiyo na wavu. Nilikuwa na njia mbili za kusema ukweli, na ningeweza kuchagua hata ile ndogo. Nilisema, "Kuna kiwango ambacho hakuna mashine inaweza kuhimili." Sentensi hiyo niliisikia mahali, haikuwa hata yangu.

Diski, iliyobeba majina yote, haikufufuka. Msimamizi aliandika ripoti palepale, akasoma kwa sauti kwamba mashine iliharibika kwa wadudu baada ya mtumiaji kuacha dirisha wazi kinyume cha maagizo, akanipa kalamu. Nilitia sahihi. Sahihi ilikaa sawasawa juu ya mstari, na hilo linaniaibisha mpaka leo.

Karani alitusindikiza mpaka majini. Msimamizi alipotangulia kupanda boti, yule dada alinishika kiwiko.

"Fundi, niambie tu ukweli. Ni mimi?"

Nilimwambia, "Mambo ya mashine ni hivyo, dada."

Nimeirudia hiyo sauti yangu mara nyingi tangu siku ile. Ilikuwa ya upole. Ilikuwa sauti ya mtu mwema.

Alifukuzwa mwezi huohuo. Karakana yetu ilipata kazi ya visiwa vingine, Takawiri ikiwamo, na makasha hayo yote niliyapitisha ugali mpaka ndani ya matundu ya skrubu. Hayakuharibika. Nikajulikana kama fundi makini. Nilipoanza kufundisha, niliwaambia ninyi nyote habari ya fundi mmoja mlevi aliyetoboa kasha huku bodi ikiwa ndani. Mlicheka, nami nikacheka. Yule mlevi sikuwa nimemwokota mahali popote, nilimbuni ili asifanane nami, kwa kuwa mnajua sinywi. Nilimsimulia kwa miaka tisa.

Nilipopewa daftari lenu nikamwandika huyo mlevi humu, kurasa mbili nzuri. Kisha nikasoma nikaona kwamba kwenye kurasa hizo hakuna karani kabisa. Nilikuwa nimemfukuza kazi mara ya kwanza, sasa nimemwondoa hata kwenye kisa. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nikauliza uliza, nikaambiwa yuko Magunga, ana duka la mbegu na dawa za mifugo. Nikaenda.

Nilimkuta nyuma ya meza akimpimia mtu dawa ya kuku. Nywele zake zimeanza mvi. Alinitazama mara moja tu.

"Fundi wa Remba."

"Ndiyo, dada. Umeshindaje?"

"Niko. Kaa hapo, nimalizane na huyu."

Alimweleza mteja mara mbili kiasi cha dawa kwa lita ya maji, akamtaka arudie kwa mdomo wake, ndipo akamwacha aondoke. Kisha akavuta kiti. Nilimweleza yote: matundu, gazeti, ugali wake nilioula, kipande cha chuma, mfuko wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alisikiliza akitazama mikono yangu, si uso.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," alisema.

"Haikuwa wewe hata kidogo."

"Unajua mimi nilikubali? Nilikubali ni mimi. Wale akina mama walikuja mmoja mmoja kuniuliza kadi ya mtoto, nikawaomba msamaha mmoja mmoja. Kuna mmoja alinitemea mate kwa miguu. Nikaona ako na haki." Akapangusa meza kwa kiganja. "Watoto wangu wamelala na dirisha imefungwa miaka yote hii. Jasho inawatoka. Wakiniuliza nawaambia, mama yenu aliacha dirisha wazi siku moja."

Akaniambia pia jina walilompa kisiwani. Walimwita mama wa wadudu, kwa Kiluo, na kwa Kiluo linauma zaidi. Lilivuka ziwa pamoja naye. Aliomba kazi ya ukarani mara tatu, na mara zote kulikuwa na mtu aliyelijua.

Nilimwambia nitakwenda Remba, niwaambie watu wote.

"Watu gani?" aliniuliza. "Wale walikuwa wavuvi, fundi. Samaki ikihama wanahama. Wengine wako Uganda, wengine wamerudi Tanzania, wengine wamekufa maji. Utasimama pale uambie nani? Wageni?"

Nilikuwa nimesubiri hadi wasikilizaji wakaisha. Nikatoa daftari kwenye mfuko, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikamwambia kwamba naandika habari za kazi. Akalichukua. Akasoma kurasa zile mbili taratibu, kidole kikifuata mistari, jinsi karani anavyosoma.

"Huyu fundi mlevi ni nani?"

"Ni mimi."

"Lakini wewe hukuwa umelewa. Nilikupikia, nilikaa na wewe. Ulikuwa sawa kabisa."

"Nilikuwa sawa kabisa," nikasema.

"Basi mbona unampea pombe? Unamtafutia sababu?"

Mzee wa miaka sitini, nikalia dukani kwa mtu, katikati ya magunia ya mbegu za mahindi. Aliniacha nilie. Hakunipa kitambaa wala neno, na nadhani alifanya vizuri.

Nilipotulia nilimwambia nitaandika upya. Nitaandika jina lake kamili, mahali anapotoka, na kwamba hana kosa, ili yeyote atakayesoma alijue jina hilo kwa uzuri.

Akafunga daftari, akanirudishia.

"Jina yangu wachana nayo," alisema. "Imeandikwa vya kutosha. Andika yako."

Naitwa Mwita Marwa. Sikuwa nimelewa.